Ufunguo Kwenye Ungo

Jumapili, 8 Septemba 2024

Oscar amenijibu! Redioni, dakika kumi nzima, watu wakitoka misa ya kwanza. Oscar ni mtangazaji wa kipindi cha magari kule Dar, na pembeni anauza magari. Wiki iliyopita niliandika kwenye safu yangu gazetini kwamba yeye na wenzake wananunua kasi dukani kama watu wanavyonunua marashi. Nikaandika kwamba gari lolote la zamani lenye turbo, likipita mikononi mwa fundi wa Morogoro, litaliacha gari lake jipya kwenye mita mia nne. Niliandika kwa hasira. Ndivyo ninavyoandika. Miaka ishirini na miwili ya safu na sijamwomba mtu radhi.

Leo akasema: Mwalimu Anselmi ana kalamu, hana gari. Aje tarehe 26 Oktoba kwenye mashindano, uwanja wa zamani wa ndege hapo Morogoro. Akishinda, nitasoma safu yake hewani kila Jumapili mwaka mzima. Akishindwa, aondoe jina lake kwenye safu mwaka mzima. Aandike bila jina, tuone nani atamsoma.

Nilipiga simu studio chai ikiwa mdomoni. Nimekubali.

Catherine, mke wangu, alikuwa anageuza chapati. "Una miaka hamsini na moja. Una presha. Huna gari."

"Nitapata."

"Na jina umeliweka rehani?"

"Nimeliweka mbele."

"Haya, bwana mbele. Kaa ule."

Anacheka, lakini anajua. Ualimu niliacha kwa ugomvi. Kwaya niliacha kwa ugomvi. Kilichobaki ni jina lile ukurasa wa tisa, ambalo watu hulitafuta ili wapate kukasirika. Wakilikosa, mimi ni nani? Mzee mmoja wa Morogoro mwenye presha.

Jumatano, 11 Septemba

Kihonda, gereji ya Abasi. Tumesoma darasa moja, yeye akaenda kwenye injini, mimi kwenye vitabu, na kila mmoja anamwonea mwenzake huruma. Masharti ya Oscar: gari la kabla ya mwaka 2000, turbo ya kiwandani, injini yake yenyewe. Abasi alifuta mikono kwa kitambaa polepole, dalili kwamba anafikiri.

"Yako mawili tu mkoani hapa ambayo hayajachinjwa. Moja Mark II ya tisini na tano, iko Dumila. Ya pili..." Akageukia milima. Ilikuwa wazi, kijani mpaka juu, wingu dogo tu kileleni. "Ya pili unaijua."

Ninaijua. Subaru Impreza ya 1998, ya bluu, ya marehemu mjomba wangu Severini. Iko bandani kwake, kigangoni juu ya Mgeta, na haijaguswa miaka miwili.

"Tuanze na Dumila," nikasema.

"Unaogopa?"

Mimi! Nilimtukana mpaka wateja wake wakapiga makofi.

Jumamosi, 14 Septemba

Dumila. Vumbi, vitunguu, malori ya Dodoma, wauza mahindi wakikimbilia madirisha ya mabasi. Mwenye Mark II anaitwa Gabrieli, mfanyabiashara wa vitunguu, mnene, mcheshi. Gari liko nyuma ya magunia, chini ya turubai. Jeupe. Silinda sita, turbo mbili. Abasi alipima kompresheni silinda moja moja, akaanza kutabasamu alipofika ya tatu.

"Mwalimu, injini hii bikira."

"Bikira wapi!" Gabrieli akadakia. "Mke wa mtu huyo, shemeji. Mheshimu."

Kasoro: bodi imeoza chini ya milango, ni zito, na linasukuma kwa magurudumu ya nyuma tu. Abasi anasema kwenye lami ile ya zamani yenye mchanga litacheza kwanza ndipo liende. Lakini mimi nalipenda! Gari lisilo na ukoo. Hakuna shangazi wala mjane juu yake, hakuna wa kunitazama.

Gabrieli akauliza kwa nini tusichukue ile ya mlimani. Anasema Severini aliwahi kumpita pale Mlali, buti halifungi kwa kabichi, na mgonjwa kalala kiti cha nyuma. "Nilisimama pembeni nikampigia saluti. Mzee yule hakuwa anaendesha, alikuwa anapaa."

Abasi aliandika kitu kwenye kikaratasi chake. Sikumuuliza.

Jumanne, 17 Septemba

Tumepanda Mgeta. Nimekubali kwa sababu ya hoja, si kwa sababu nyingine: Subaru ni nyepesi zaidi, inasukuma kwa magurudumu yote manne, na katika mita mia nne mwanzo ndio kila kitu. Ukungu ulitupokea baada ya Mlali. Saa tano asubuhi na taa tumewasha. Wanawake wenye mizigo ya njegere walitokea mbele ya kioo ghafla, wakapotea nyuma ghafla, bila sauti ya miguu.

Niandike mambo yalivyo, kwa mpangilio, kwa sababu huku juu hadithi huota kama magugu.

Mjomba Severini alikuwa kaka wa mama yangu. Alifia ndani ya gari lile, Julai, miaka miwili iliyopita. Alirudi kutoka mjini, akaliegesha bandani, akatoa ufunguo, akautia mfukoni. Gari lina kifaa ambacho wenye magari ya turbo wanakijua: ukitoa ufunguo, injini haizimi. Inaendelea kuunguruma dakika tatu yenyewe ili turbo ipoe, ndipo inazima. Mjomba alikuwa na tabia ya kukaa kitini akisubiri izime. Siku ile ilizima, yeye hakushuka. Moyo. Daktari aliandika moyo! Lakini mlimani wanasema gari lilimalizia pumzi zake.

Maziko nilikuja. Kuanua matanga sikuja. Kwetu Waluguru mtu anarithiwa na mtoto wa dada yake, na mrithi huchukua pamoja na vitu jina la marehemu. Mpwa pekee ni mimi. Badala ya kuja niliandika safu, maneno elfu moja na mia mbili, kwamba jina si nguo ya mitumba mtu avalishwe baada ya mwenzake. Safu ile ilisomwa sana. Sherehe yenyewe sijawahi kuiona.

Mama mdogo Filomena, mdogo wake marehemu, alitupokea mlangoni. Nikatoa shikamoo. Akaitikia, akanishika mkono kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida. Hakutaja safu. Mjane, Bernadeta, alikuwa anamenya viazi. Aliinua macho tu.

Bandani, Abasi alifungua boneti akapitisha kidole kwenye vyuma. Hakuna kutu. Mafuta safi. Miaka miwili kwenye unyevu ule! Alipachika betri yetu. Nikaingia kitini. Mjomba alikuwa mfupi, kiti kimevutwa mbele kabisa, na reli yake imeganda. Magoti yangu yalibana usukani, kichwa kikagusa paa. Nikamwambia Mama mdogo tunataka kulinunua.

"Haliuzwi."

"Basi tumepanda bure."

"Haliuzwi. Ufunguo huu hapa."

Alinyoosha ungo kupitia dirishani. Ndani yake unga mweupe, na juu ya unga ufunguo. Nikadhani ni adabu ya wenyeji, kama mtu anavyokupa maji kwa mikono miwili. Nikauchukua. Vidole vikapata unga. Akanipaka uliobaki kwenye kifundo cha mkono, haraka, kama mtu anayefuta doa.

Nje wanawake wakapiga vigelegele. Sikujua walikuwa wengi kiasi kile. Ukungu ulikuwa umewaficha.

Injini ilishika mara ya kwanza.

Bernadeta akaja dirishani na kisu chake cha viazi. "Severini," akasema, kwa sauti ya mtu aliyemngoja mwenzake atoke sokoni. "Bati la jikoni linavuja."

Nilicheka. Abasi hakucheka.

Jumatano, 18 Septemba

Nimelishusha mwenyewe, Abasi nyuma na gari lake. Mambo mawili.

La kwanza. Kwenye kona kabla ya daraja dogo nilipiga honi na kukanyaga breki. Ukungu mtupu mbele. Kisha lori la mbao likatokea, katikati ya barabara, likanipita kwa upana wa kiganja. Sijawahi kuendesha barabara ile. Sijui kwa nini nilipiga honi.

La pili. Chini kidogo mzee mmoja alinisimamisha, akafungua nyuma, akapakia magunia mawili ya kabichi bila kuniuliza. "Pale pale," akasema, akapiga paa mara mbili. Nikaenda soko la Mawenzi, nikapita vichochoro viwili, nikasimama mbele ya meza ya mama mmoja wa karoti na kabichi. Akapokea magunia. "Umechelewa," akasema. Miaka miwili!

Abasi alikuwa amenifuata. "Nani alikuelekeza meza ile?"

"Mzee wa kabichi."

"Alisema pale pale. Nilisikia. Hakusema wapi."

Nimefikiri. Huenda mama alinitajia zamani. Huenda mjomba alinipitisha hapo nikiwa mdogo. Akili huhifadhi vitu. Ndiyo. Nimesoma kuhusu hilo.

Jumapili, 22 Septemba

Majaribio uwanja wa zamani wa ndege, kwa ruhusa, asubuhi kweupe. Gabrieli alikuja na Mark II yake, na kiti cha plastiki cha kukalia. Abasi alishika saa.

Mark II: sekunde kumi na nne na nukta mbili. Ilicheza kweli, mkia huku na huku, Gabrieli akipiga kelele kwamba mke wake anadhalilishwa. Mara ya pili kumi na nne kamili.

Subaru: kumi na mbili na nukta tisa.

Hakuna hoja tena. Gari la Oscar, kwa majigambo yake mwenyewe, linakwenda kumi na tatu na nukta moja. Kwa Mark II ninashindwa. Kwa Subaru ninamshinda, na jina langu linabaki.

Jambo moja dogo. Tuliporudi Abasi aliinamia mlangoni akatazama miguu yangu. Akauliza nani amelegeza reli ya kiti.

"Hujalegeza wewe?"

"Sijaigusa. Imeganda bado, itikise uone."

Nikaitikisa. Haiendi. Kiti kiko mbele kabisa, pale pale alipokiacha mjomba. Na magoti yangu hayagusi usukani.

Abasi akaenda kunawa, akakaa huko muda mrefu.

Ijumaa, 27 Septemba

Tumetoa kifaa cha dakika tatu. Abasi anasema ni mzigo wa waya tu kwa gari la mashindano. Turbo tutaipoza kwa kukaa na kungoja kama watu. Alikikata, akafunga nyaya, akaniwekea kifaa mkononi. Kisanduku cheusi, chepesi, kama kiberiti kikubwa. Nimekiweka juu ya meza hii ninapoandika.

Tukaliendesha barabara ya Mazimbu mpaka kwenye bango la chuo, tukarudi. Nikatoa ufunguo.

Halikuzima.

Tukasimama, wawili sisi, gereji nzima ikigeuka kutazama. Abasi alisema swichi imekufa. Akachomoa fyuzi ya swichi. Linaunguruma. Akasema kuna waya wa pembeni. Akaingia chini ya dashibodi na tochi. Mimi nilitazama saa. Dakika tatu, likazima. Abasi akatoka chini akiwa na vumbi usoni na hana waya wowote mkononi.

"Mwalimu, chukua Mark II."

"Kwa sababu ya waya?"

"Jana nilimwita fundi umeme bora Kihonda aje akikate kile kifaa. Akaliona, akaniuliza la nani. Nikasema la Severini wa Mgeta. Kaenda zake. Muislamu mwenzangu, mtu wa swala tano, kaenda zake!"

Nilimpa hotuba. Kila mashine ina sababu zake! Karne ya ishirini na moja! Nilizungumza vizuri. Nilipomaliza alisema kwa upole kwamba zamani nikihutubia nilikuwa natema mate, sasa sitemi.

Alhamisi, 3 Oktoba

Jesca, mhariri wangu, amepiga simu. Huyu mwanamke amenilinda kwa mawakili miaka tisa. Leo sauti yake haikuwa ya kawaida.

Anasema safu imefika. Ni nzuri. Inahusu namna ya kufunga kabichi ili isichubuke kwenye barabara ya mawe, na jinsi ya kumlaza mgonjwa kiti cha nyuma, kichwa upande wa dereva. Wahariri wawili wameisoma mpaka mwisho. Hakuna aliyetukanwa. Akauliza kama ninaumwa.

Nikasema nimechoka kidogo na maandalizi.

"Sawa, kaka. Lakini chini umeweka jina. Severini ni nani?"

Nimefungua kompyuta. Ni kweli. Kuna jina lake, herufi kubwa, pale ninapoweka langu. Sikumbuki kuliandika. Nakumbuka kuandika kuhusu kabichi, nakumbuka nilikuwa na furaha.

Nimemwambia afute safu yote. Akasema ni bora kuliko zote nilizompa mwaka huu. Nikamtukana. Kwa juhudi. Nilitafuta tusi kama mtu anayetafuta miwani.

Catherine aliuliza jioni tangu lini ninapiga mluzi.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimepanda Mgeta kurudisha ufunguo. Peke yangu, kwa pikipiki ya kukodi. Mvua nyepesi, mawe yanateleza. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani.

Mama mdogo alikuwa shambani kwenye matuta ya karoti. Nikaweka ufunguo mbele yake, kwenye udongo.

"Sikuwa najua maana ya ule ungo."

"Uliandika kuuhusu gazeti zima."

"Nilikuwa sijauona."

"Basi sasa umeuona." Akaendelea kupalilia. "Uliandika bila kuona. Ukapokea bila kuuliza. Mimi nifanyeje?"

"Chukua."

"Nichukue mimi? Mimi ni Severini?"

Nilisema kwa nguvu kwamba mimi ni Anselmi, nina kitambulisho, nina safu, nina mke. Akaegemea jembe akanisikiliza mpaka mwisho, kama mtu mzima anavyomsikiliza mgonjwa wa homa. Kisha akasema polepole kwamba huku kwetu watu hawakukosa gari miaka ile miwili. Magari yapo. Walikosa wa kumwita. Mtoto akizidiwa wanasimama barabarani wanaangalia chini, halafu wanakumbuka. Jina lilikuwa nje, linanyeshewa.

"Na Anselmi?" nikauliza.

"Nani anamwita huyo?" Hakuwa ananikejeli. Aliuliza ajue.

Nikafikiri. Oscar ananiita. Mawakili wananiita. Catherine.

"Jina linarudishwaje?"

"Mwenzako wa kabla yako alilirudisha akiwa amekaa kitini," akasema, akaokota ufunguo, akaufuta udongo kwa kanga, akanirudishia mfukoni mwenyewe. Kwa mikono miwili.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimeamua. Mark II. Nishindwe! Mwaka mmoja bila jina ukurasa wa tisa ni afadhali. Mwaka utapita, jina litarudi. Hili lingine sijui linarudi vipi. Abasi alipumua kwa nguvu nilipomwambia. Saa tatu tulikuwa Dumila, Gabrieli ametandaza karatasi za mauziano juu ya gunia na kalamu imefunguliwa.

Simu ikaita. Bernadeta. Mjukuu wake hapumui vizuri, tangu alfajiri, na gari la kijiji limekwama. Hakusema njoo. Alisema tu, "Tumemtoa mpaka barabarani."

Niliweka kalamu. Gabrieli akaniambia shemeji, saini kwanza, dakika moja. Sikusaini. Abasi alinirudisha Kihonda mbio, nikaingia kwenye Subaru.

Sitaandika jinsi nilivyopanda. Sikumbuki kupanda. Nakumbuka kushuka: mtoto kiti cha nyuma, kichwa upande wangu, Bernadeta akimshika, ukungu mweupe kama maziwa na mimi ninajua kila jiwe. Kila kona nilipiga honi kabla ya kuiona. Watu walisimama kando ya barabara, wamevua kofia, na nilipowapita nilisikia wanaliita jina, mmoja baada ya mwingine, mpaka chini Mlali. Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuita jina langu namna ile.

Hospitali walisema tungechelewa nusu saa tusingemkuta. Anapumua. Anaitwa Lukasi, ana miaka minne.

Nikaegesha kivulini, nikatoa ufunguo, nikakaa mpaka lizime. Bernadeta alipita dirishani na chupa ya chai. "Bati," akasema. Nikamwambia Jumamosi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Bati limezibwa. Nilipanda juu mwenyewe. Kizunguzungu sina. Presha sijapima wiki mbili, naona iko sawa. Njegere zimezaa vizuri mwaka huu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Catherine amesoma shajara hii. Aliniwekea mezani, imefunguliwa, na kidole chake kwenye tarehe 19.

"Huu mwandiko wa nani?"

Nikatazama. Wangu. Umeinama kidogo, basi.

"Wako unalalia kulia. Nimesahihisha madaftari pamoja nawe miaka ishirini. Huu unalalia kushoto."

Akanishika uso kwa mikono miwili akaniambia nimtajie jina langu. Nikataja. Sahihi, kwa sauti. Lakini aliona kwamba nilifikiri kwanza, na mimi nikaona kwamba ameona.

Anataka nisiende Jumamosi. Nikamweleza hesabu ilivyo: nisipokwenda, Oscar anachukua jina. Nikienda kwa Mark II, Oscar anachukua jina. Kwa Subaru ninaweza kumshinda na jina likabaki pale gazetini, limechapwa kila Jumapili. Angalau pale. Nitaliendesha mara moja ya mwisho, kisha linarudi bandani. Nimemwahidi. Ameniandikia kwa wino kiganjani, kama wanafunzi wanavyoandika majibu: ANSELMI.

Jumamosi, 26 Oktoba

Saa nane mchana, uwanja wa zamani. Jua kali, watu wengi, vumbi. Milima huko nyuma imefungwa na wingu mpaka chini, haionekani kabisa.

Raundi mbili tumeshinda. Kumi na mbili na nukta saba! Abasi analia hovyo. Gabrieli yupo na kiti chake cha plastiki. Catherine amekuja, gauni lake la njano, amesimama karibu na kamba hanyanyui macho kwenye gari.

Fainali ni mimi na Oscar. Alikuja kunishika mkono, manukato mpaka huku. "Mwalimu, leo ndiyo mwisho wa jina." Nikamuuliza mama yake hajambo. Akatazama pembeni. Akasema amelazwa. Nikamwambia akimsafirisha amlaze kichwa upande wa dereva. Akanishukuru, akaondoka bila tambo lake. Abasi aliniangalia kwa namna ambayo sikuipenda.

Dakika tano kabla ya fainali. Nimelileta gari kivulini, ukutani, lipoe. Mkono umetoa jasho, wino wa kiganjani umebaki weusi tu. Nimetoa ufunguo, uko mfukoni. Linaunguruma. Nimekaa, daftari hili magotini. Haifai kushuka kabla halijazima.

Kiti kizuri. Kinanikaa.

Dakika ya kwanza imepita. Nasikia harufu ya ukungu, huku chini, mchana huu. Bernadeta alisema kuna magunia matatu ya Jumatatu, na mama wa Mawenzi anataka karoti ziletwe na majani yake. Nisisahau.

Kipaza sauti kinaita mtu aje mstarini. Mara ya pili sasa.

Kuna mama wa gauni la njano amekuja dirishani. Anapiga kioo kwa pete yake, anasema kitu, injini inameza sauti. Maskini, ana macho ya mtu aliyepotelewa. Nitamsikiliza likizima.

Mara ya tatu. Anselmi, Anselmi, aje mstarini. Fundi mmoja anakimbia huku na huku na kitambaa mkononi. Watu wote hawa na jua hili, wanamngoja mtu mmoja! Atakuwa amekwama wapi? Ningemjua ningemfuata nimpakie, nimfikishe.